Mfadhili Akifunga Ofisi, Dawa Iendelee Kutoka

Wapendwa, wengi mmeniandikia mkiomba nilichoongea Jumamosi kwenye mkutano wa viongozi wa dini na watumishi wa hospitali za mashirika, hasa nyie mliokwama njiani na ile mvua. Nakiweka chote hapa kama kilivyotoka mdomoni, picha za projekta tu ndo nimeziacha.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Mwenyekiti, baba maaskofu, mashekhe wetu, masista, waganga wafawidhi, wahasibu, wafamasia, na vijana wa vyuo mliokuja kusikiliza wazee wanagombania nini. Ahsanteni kwa kunialika.

Nimeombwa niongelee serikali za nje kufanya kazi na mashirika ya dini kwenye misaada. Najua mada yenyewe bado ina joto, maana humu ndani kuna mtu mradi wake ulikatwa kwa imeli moja tu, asubuhi kafika ofisini mchana hana kazi. Kwa hiyo sitazunguka. Ubia wa serikali na taasisi za dini umeokoa watu, mimi nimeuona kwa macho yangu na nitautetea popote pale. Lakini sisi tumeujenga kwa kuanzia upande wa mbali. Tulisaini na Washington kabla hatujasaini na halmashauri yetu. Tulimjua afisa mradi wa Baltimore kule Marekani kuliko tunavyomjua mganga mkuu wa wilaya anayekaa kilomita ishirini kutoka getini. Hilo ndo limetuumiza, na hilo ndo nataka tulirekebishe.

Sasa tujiulize swali la kwanza. Hivi kwa nini serikali kubwa, yenye pesa, yenye majeshi, yenye ubalozi kila mji mkuu, inakuja kugonga mlango wa parokia? Kwa nini inakuja kwa imamu? Inatafuta nini kwetu?

Niende nyuma kidogo. Vita ya Biafra kule Nigeria, 1967 mpaka 1970. Wazee humu mnakumbuka, kwa sababu Tanzania chini ya Mwalimu ndo ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, lile eneo lililojitenga na Nigeria, Aprili 1968. Biafra ikazingirwa, bandari zikafungwa, watoto wakaanza kufa kwa njaa na zile picha za kwashakoo zikazunguka dunia nzima. Serikali kubwa zilishindwa kuingia, kwa sababu ukiingia bila ruhusa ya serikali ya Nigeria, enzi hizo ikiwa Lagos, umeshaingilia vita ya mtu. Nani aliingia? Makanisa. Wakatoliki na Waprotestanti, ambao enzi hizo hata kusali pamoja ilikuwa shida, wakaunda umoja ulioitwa Joint Church Aid, na kule Marekani hata Wayahudi wakaingia kwenye kundi hilo. Ndege zilikuwa zinaondoka kisiwa cha São Tomé usiku na kwenda kutua Uli. Na Uli hakukuwa na uwanja wa ndege wa kueleweka jamani, ilikuwa kipande cha barabara ya lami kilichopanuliwa, taa zinawashwa dakika chache ndege ikigusa chini halafu zinazimwa, wanashusha samaki wakavu na maziwa ya unga gizani, wanaruka kabla hakujapambazuka. Walifanya safari zaidi ya 5,000, wakabeba tani kama 60,000. Na wako marubani waliokufa kwenye kazi hiyo.

Serikali ya Marekani ikafanya nini? Mwishoni mwa 1968 ikaachia ndege 8 kubwa za mizigo kwa bei ya kutupa, 4 kwa Msalaba Mwekundu na 4 kwa makanisa. Yenyewe haikuweza kwenda, ikamuwezesha anayeweza. Na niseme ukweli wote, mpaka leo kuna wanaosema zile ndege zilirefusha vita, na hilo ni swali la haki kabisa, nitalirudia nikifika kwenye masharti. Ila muone kwanza nini serikali ilikuwa inatafuta. Ilitafuta mtu ambaye tayari yuko kule na tayari anaaminika.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye UKIMWI. Nyie vijana hamkuona miaka ya tisini, acha niwaambie. Wodi ilikuwa imejaa mpaka koridoni na sisi tulichokuwa nacho ni dawa za kuhara, dawa za fangasi za mdomoni, na maombi. Mwaka 2000 dozi ya ARV, dawa za kufubaza virusi, ya mwaka mmoja ilikuwa dola 10,000 na zaidi kwa mtu mmoja. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema inaweza kuuza kwa dola 350 kwa mwaka, na dunia ikashtuka, kumbe inawezekana! Januari 2003 Rais George W. Bush wa Marekani akasimama mbele ya Bunge lao akaomba dola bilioni 15 kwa miaka 5, ndo ikazaliwa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Pesa ikapatikana. Dawa ikapatikana. Sasa itolewe wapi? Nani ana jengo kijijini, nani ana nesi, nani ana friji inayofanya kazi?

Ripoti moja ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya 2007, iliyoangalia zaidi Zambia na Lesotho, ilikadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 70 ya miundombinu ya afya Afrika iko mikononi mwa taasisi za dini. Oneni huo upana jamani, 30 mpaka 70, maana yake hakuna aliyekuwa ametuhesabu vizuri. Lakini walijua tupo. Kwa hiyo 2004 ukaanza mradi wa AIDSRelief ukiongozwa na Catholic Relief Services, shirika la misaada la Wakatoliki wa Marekani, nchi 10, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na sehemu kubwa ya dawa zikapitia hospitali za misheni.

Mimi nilikuwa dirisha la dawa kwenye hospitali moja ya misheni Kanda ya Ziwa. Nataka niwaeleze kitu kimoja nilichokiona pale dirishani. Wakati ule vidonge vilikuja kwenye vichupa vya plastiki, na kichupa kikitikisika kwenye mkoba ndani ya daladala kila mtu anajua umebeba nini. Akina mama walikuwa wakishapokea wanasogea pembeni, wanafungua kichupa, wanamwaga vidonge kwenye kipande cha nailoni, wanavifunga kwenye pindo la khanga, kichupa wananirudishia. Nilikuwa na boksi zima la vichupa vitupu chini ya meza. Na kulikuwa na hospitali ya serikali karibu zaidi na kwao, nikawauliza kwa nini mnapanda gari mbili kuja huku? Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, sista hasemi." Basi. Sista hasemi. Ule usiri ndo ulifanya watu wapande gari mbili, na hakuna bajeti ya Washington ingeweza kuununua ule usiri, ulijengwa na masista waliozika watoto wa kijiji kile kwa miaka na miaka bila kusema huyu kafa na nini.

Na isiwe hadithi ya Wakristo peke yao. Uganda 1988 madaktari wa Kiislamu waliunda chama chao, IMAU. Mwaka uliofuata Mufti wa Uganda akatangaza jihadi dhidi ya UKIMWI, jihadi kwa maana yake ya juhudi, na madaktari wale wakachukua maimamu wakawafundisha, wakaanza Mpigi 1992. Imamu na wasaidizi wake wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, wanapita nyumba kwa nyumba wanakaa kwenye mkeka wanaongea na familia. Pesa za wafadhili zilikuwemo, za Marekani pia. Mniambie, afisa gani wa ubalozi angeruhusiwa kukaa kwenye mkeka ule akaongelea mambo ya chumbani?

Sasa naingia kwenye masharti, na hapa naomba utulivu kidogo maana najua kuna watu litawakera.

Pesa ya serikali yoyote ina masharti, na sharti la kwanza ni hili, usimuuzie mtu dini kwa shida yake. Desemba 12, 2002 Bush alisaini amri ya kufungua mlango kwa mashirika ya dini kupata pesa za serikali sawa na mengine, na siku hiyo hiyo amri nyingine ikaanzisha ofisi maalum ndani ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Wengi tulisherehekea tukasahau kusoma mbele. Kanuni za USAID zilizotoka 2004 zilisema wazi, ibada na mahubiri vitengwe na huduma kwa muda au kwa mahali, na anayehudumiwa asibaguliwe kwa dini yake.

Kwa nini waliweka hivo? Kwa sababu walishaona mambo. Mwaka 2001 El Salvador ilipigwa na matetemeko, watu hawana nyumba. Shirika la Samaritan's Purse lilikuwa na pesa za USAID za kujenga vibanda vya muda, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba kwenye baadhi ya vijiji watu walikaa kwenye kikao cha maombi kwanza, halafu ndo wanaonyeshwa jinsi ya kusimamisha kibanda. Najua mtasema, kuomba kuna ubaya gani? Mimi mwenyewe ni mtu wa maombi. Lakini hebu jiweke pale. Nyumba imeanguka, mtoto analala nje, na mtu mwenye mabati anasema tuanze na sala. Wewe utasema hapana? Utathubutu? Sala ambayo huwezi kuikataa sio sala, na Mungu hahitaji kusaidiwa na mabati.

Narudia kwa ajili ya wale wanaosimamia vituo. Dawa sio chambo. Mabati sio chambo. Unga sio chambo. Mgonjwa akitaka mchungaji aitiwe, akitaka shekhe aitiwe, asipotaka yeyote apewe dozi yake aende nyumbani kwa amani.

Lakini masharti yana upande wa pili ambao wafadhili hawapendi tuuseme. Serikali nayo inaweza kumtumia mtu wa dini. Hapa ndo lile swali la Biafra linarudi. Na kuna mfano mchungu zaidi, Vietnam ya Kusini, 1967 ikaja kujulikana kwamba chakula cha msaada cha serikali ya Marekani kilichopitia Catholic Relief Services kilikuwa kinakwenda kwa wanamgambo wa upande wa serikali na familia zao. Yaani unga umepita kwenye mikono ya kanisa ukaingia kwenye vita. Wakatoliki wa Marekani wenyewe ndo walipiga kelele. Sasa tujiulize bila kuoneana aibu, siku serikali ya mfadhili ikiwa na vita yake, au uchaguzi wake, au ugomvi wake na China, wewe uliyepokea pesa unabaki na sauti ya kusema hapana?

Na ndani ya PEPFAR yenyewe siasa za Washington ziliingia mpaka chumba cha ushauri nasaha. Sheria ya mwanzo ilitaka theluthi moja ya pesa za kinga iende kwenye kuhimiza kuacha ngono mpaka ndoa, sharti hilo la theluthi likaja kuondolewa 2008. Kuna mashirika ya dini yalifurahi, na sheria iliyaruhusu pia yasigawe kondomu kama imani yao inakataza. Msimamo wangu ni kwamba taasisi ina haki ya kushika imani yake, sina ugomvi na hilo hata kidogo. Lakini haina haki ya kumficha mgonjwa taarifa. Kama wewe hutoi, mwambie inapatikana wapi. Mke ambaye mume wake ana maambukizi na yeye hana, umemwambia nini ukimwambia avumilie? Ndoa anayo tayari.

Wale ndugu zetu wa IMAU walilimaliza hili kwa namna ninayoiheshimu sana. Mwanzoni hawakugusa kondomu kabisa kwa sababu viongozi wa Kiislamu walipinga. Kazi ikaendelea, maimamu wakaanza kurudi na maswali kutoka kwenye nyumba za watu, wakakaa wakajadiliana na viongozi wao wakiangalia mafundisho yao wenyewe, na mwisho wakakubaliana elimu ya kondomu iingie kwa mipaka waliyoiweka wao. Hakuna mtu wa nje aliyewaamrisha. Hiyo ndo heshima. Mfadhili alisubiri, wenye dini wakafikiri, wakaamua.

Wajerumani nao wana utaratibu wao ambao naona hatuujui vya kutosha. Tangu 1962 serikali yao inatenga pesa za maendeleo kwa makanisa kupitia vyombo viwili, kimoja cha Kikatoliki kimoja cha Kiprotestanti. Makanisa yanachagua miradi na wabia wao, serikali haiwapangii siasa, na kwa upande wao makanisa hayaruhusiwi kutumia hizo pesa kuhubiri wala kujenga kanisa, na mahesabu yanakaguliwa. Serikali zimebadilika Berlin na Bonn, kulia kushoto, utaratibu umebaki. Haujakamilika, urasimu wake unachosha, mwenye kujaza zile fomu anajua. Ila angalau umeandikwa na haubadiliki kila akiingia rais mpya.

Nije nyumbani sasa, maana hapa ndo penye kazi.

Tunaongelea misaada ya nje tukisahau kwamba sisi wenyewe tuna historia na serikali yetu, na ni historia ya kusukumana. Bugando mnaijua wote. Hospitali ile ya Mwanza ilijengwa na Kanisa Katoliki, na Misereor, shirika la Wakatoliki wa Ujerumani, ikasaidia sana, ikafunguliwa 1971, mwaka uliofuata serikali ikaichukua, 1985 ikairudisha kwa maaskofu. Leo ni hospitali ya rufaa ya kanda, mwenye nyumba ni kanisa, watumishi wengi wanalipwa na serikali, na Mwislamu wa Kwimba na Mpentekoste wa Sengerema wanalala wodi moja. Huo ndo ubia. Ulichukua miaka kuupata na ulipita kwenye machungu, lakini upo, na haukuandikwa Washington.

Halafu 1992, Rais akiwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, serikali ikasaini makubaliano na makanisa, Jumuiya ya Kikristo na Baraza la Maaskofu, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC. Kwa makubaliano yale serikali inakubali kwamba hospitali na shule za makanisa zinabeba mzigo wa taifa na inapaswa kuzisaidia. Mimi nimekula matunda yake. Lakini mashekhe wetu mko hapa na nitasema mbele yenu, malalamiko yenu juu ya ule mkataba ni ya kusikilizwa. Kwa miaka mingi Waislamu wameuliza, mbona makubaliano haya ni ya upande mmoja? Mbona sisi hatumo? Na Wakristo wengi tumejibu kwa hasira, tunasema nyie hamna hospitali nyingi, kama vile hilo ndo jibu. Swali la kuuliza ni kwa nini hawana nyingi. Enzi za mkoloni misheni zilipewa ardhi na ruzuku ya shule, madrasa hazikupewa. Ukimpa mmoja mbegu na maji kwa miaka hamsini halafu ukawapa ruzuku kwa kuhesabu magunia, unajua nani atapata.

Nasema hivi kama Mkristo na sioni haya. Rais Mkapa alipotoa majengo yaliyokuwa ya TANESCO pale Morogoro yakawa Chuo Kikuu cha Waislamu, kuna Wakristo walinung'unika, na mimi niliwaambia nyamazeni, leo kile chuo kinasomesha watoto wa kila dini.

Na hili linatugusa moja kwa moja kwa misaada ya sasa. Desemba 2025 Marekani ilitangaza makubaliano ya afya na Nigeria, na taarifa yao wenyewe ikasema yana mkazo mkubwa kwa watoa huduma wa Kikristo. Nigeria! Nchi ambayo Waislamu na Wakristo wanakaribiana kwa idadi na damu imeshamwagika mara ngapi? Kuna watu walinitumia habari ile na vimoji vya kushangilia. Mimi sikushangilia. Hospitali ya Kikristo inalindwa na jirani yake Mwislamu anayeleta mtoto pale usiku wa manane. Siku jirani akiamini kile kituo kimewekwa kwa ajili ya wenzake tu, ulinzi umeisha, na hakuna balozi atakayekuja kukaa getini.

Sasa 2025. Mnajua kilichotokea lakini nitasema kwa ajili ya kumbukumbu. Januari 20 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ipitiwe upya. Siku chache baadaye zikaanza kuja barua za kusimamisha kazi. Machi, Waziri wao wa mambo ya nje Marco Rubio akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Julai 1 USAID yenyewe ikawa imekwisha, kilichobaki kikahamia wizara yao ya mambo ya nje. Catholic Relief Services, iliyokuwa inapata karibu nusu ya bajeti yake kutoka serikali ya Marekani, ikapunguza watu. Mashirika ya Kilutheri, ya Kiinjili, ya Kiislamu, yote yalipigwa. Barua hazikuuliza wewe unasali wapi.

Nilikwenda kwenye CTC moja, kliniki ya dawa za UKIMWI, wiki zile, hospitali siitaji. Nilitarajia nikute rafu tupu. Rafu haikuwa tupu! Dawa zilikuwepo, makopo yamepangwa mpaka juu. Waliokosekana walikuwa watu. Karani wa data alikuwa wa mradi. Wale WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi wanaoshauri wenzao, ambao ndo wanajua nyumba ya kila mtoro wa dawa, posho yao ilikuwa ya mradi, wameambiwa wakae nyumbani. Fundi maabara wa kipimo cha wingi wa virusi, mradi. Hata vocha ya simu ya kuwapigia wagonjwa, mradi. Nesi mmoja wa serikali amebaki na foleni ya kutoka hapa mpaka mlangoni, mafaili yamerundikana mezani, anaandika kwa mkono na kuita majina mwenyewe. Mama mmoja kijana alikuja na mtoto mgongoni, faili halionekani, ameambiwa arudi kesho. Nesi akaniangalia akasema, "Huyu anatoka kisiwani, kesho harudi."

Nani alikuwa amepanga hospitali ile hivyo? Hatuwezi kumlaumu Trump kwa kila kitu jamani. Ana lawama yake, na ni kubwa, kukata dawa za watu bila notisi ni dhambi na nitaiita hivyo hivyo. Lakini zaidi ya miaka ishirini pesa ilikuwa inakuja. Mgeni njoo mwenyeji apone, tulipona kweli, ila hatukumuuliza mgeni anaondoka lini na hatukumuuliza baba mwenye nyumba amepanga nini. Viongozi wetu wa Afrika walikaa Abuja Aprili 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Nani kati yetu viongozi wa dini alisimama kila mwaka wakati wa bajeti akauliza iko wapi? Tulikuwa na mfadhili, tukanyamaza. Serikali nayo ikaona hospitali ya misheni ina gari jipya lenye nembo ya bendera, ikasema hawa wamejaliwa, pesa ziende kwingine.

Na sasa utaratibu umegeuka. Marekani inataka kusaini na serikali moja kwa moja. Kenya walisaini Desemba 4, 2025, miaka mitano, Marekani hadi dola bilioni 1.6 na Kenya nayo ikaahidi kuongeza dola milioni 850 za kwake, pesa zipite serikalini badala ya mashirika. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Nairobi ikasimamisha kipengele cha kupeana taarifa za wagonjwa, na naona walalamikaji walifanya vizuri kwenda mahakamani, maana ule usiri niliowaambia ndo mtaji wetu wote, ukiuzwa hatuna kitu.

Wengine humu wanalia kwamba tumepoteza. Mimi naona kuna nafasi, tena kubwa, ila ina mlango mmoja tu na mlango huo uko kwa serikali yetu. Pesa ikipita hazina, hospitali ya misheni itaipata kama tu ina mkataba wa huduma unaoeleweka na halmashauri. Kama haina, itaangalia gari likipita. Wenzetu Wakenya walishafanya mambo mawili ya kuiga. Makanisa yao, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, yalianzisha bohari yao ya dawa, MEDS, tangu 1986, PEPFAR ilipokuja ikawakuta wana stoo na mahesabu. Na AIDSRelief ilipoisha, kazi ilikabidhiwa kwa vyombo vya makanisa vya hapo hapo Kenya, kama kwetu ilivyokabidhiwa CSSC. Waganda wana Joint Medical Store tangu 1979, Wakatoliki na Waprotestanti kwenye bohari moja. Miaka ya Amin inaisha, nchi imevunjika, wao wanajenga stoo!

Mbona sisi kila jimbo na kila dayosisi inaandika barua yake peke yake kwa mfadhili wake? Mbona zahanati ya msikiti na zahanati ya kanisa kwenye kata moja hazijawahi kuagiza hata glovu pamoja?

Ninachoomba kwenu ni vitu vya kufanya, na naomba mviandike. Kwanza mahesabu. Msiende kudai ruzuku ya serikali na vitabu vilivyofungwa, mkaguzi wa serikali aingie, na waumini wasomewe. Muumini anayetoa sadaka ana haki ya kujua wodi ya watoto inaendeshwa na nini, mkimwambia atatoa zaidi, mmeshawahi kumwambia? Pili, kila mganga mfawidhi aandike orodha ya kila mtu aliyekuwa analipwa na mradi, jina la kazi, anafanya nini, akikosekana nani anaumia. Orodha hiyo aende nayo kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mkurugenzi kabla mipango ya halmashauri haijafungwa, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na ukienda Mei umechelewa, wameshagawana. Asiende peke yake. Aende na shekhe wa wilaya na mchungaji wa jirani, wote watatu waketi kwenye viti vile, ili mkurugenzi asipate nafasi ya kusema hili ni la Wakatoliki.

Tatu, kwenye kila mkataba, wa ndani au wa nje, pawe na kifungu cha kuondoka. Anayetaka kukatisha atoe notisi ya miezi, na dozi za walioanzishwa dawa ziwe zimeshalipiwa kwa kipindi hicho. Mfadhili akikataa kifungu hicho, muulizeni kwa nini, na majibu yake yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Hilo la tatu najua wanasheria wetu watasema ni gumu, serikali kubwa hazikubali. Inawezekana. Ila hatujawahi kuomba. Kamati ya wanasheria wa CSSC na wenzao wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, wakikaa siku moja wanaweza kuandika kifungu kimoja kinachotumika na wote, na mimi niko tayari kuja na yule nesi awaeleze siku ile ya foleni ilikuwaje, maana yeye atasema vizuri kuliko mimi.

Mwenyekiti, nimezidisha muda, nakushukuru. Nipo kwa maswali.